Uso wa Lesikar

Lesikar aliuchoma uso wake mwenyewe, kwa utaratibu, akianzia shavu la kushoto.

Alitumia kijiti cha mzeituni-mwitu chenye kaa la moto nchani. Ieleweke kwamba haukuwa uso wa hivihivi. Kisongo yote ilikuwa na wanawake waliowahi kumwaga maziwa kwa kuutazama. Sasa aliutia alama arobaini na tatu, akazipaka majivu, akajificha siku nane zikauke.

Sababu ilikuwa uzio. Mwaka ule wa Mjerumani ndui ilipopanda Meru, wagonjwa walipelekwa kwenye kambi ya vibanda vya nyasi, juu zaidi ya migomba ya Wameru, ikazungushiwa miiba. Mke wa Lesikar alikufa njiani. Binti yao Nanyori, mwenye miaka sita, aliingizwa peke yake. Amri ilikuwa fupi: haingii mzima ila mwenye makovu ya ndui, kwa kuwa ndui haimrudii mtu. Lesikar hakuwa na hata kovu la chunusi.

Siku ile langoni, Nanyori alimshika shuka kwa mkono mmoja. Mwingine ulishika ushanga wa buluu wa shingoni, aliotungiwa na mama yake.

"Baba, na wewe unaondoka?"

"Siondoki. Unaliona jiwe lile? Ukitoka utanikuta nimelikalia."

Akalikalia siku kumi na tisa. Wapita njia walimzunguka kwa mbali, kana kwamba ndui ni yeye. Alipokosa wa kusema naye akaanza kulisalimia jiwe, kwa heshima zote zinazostahili umri wake. Jiwe halikuitikia.

Muuguzi mmoja tu, Anyesi, mwenye makovu yake halali, aliwahi kumpigia kelele kutoka mbali:

"Binti yako, wa kitanda cha mwisho? Hanywi maziwa! Anakuita wewe tu!"

Ndipo Lesikar alipokwenda kutafuta kijiti.

Vidonda vilipokauka alisimama mbele ya Simel, askari mpya aliyeletwa juzi kutoka boma la Arusha. Simel alimkagua kama anayenunua mbuzi.

"Mzee, ndui yako ina adabu. Imejipanga mistari kama mahindi ya misheni."

 Midomo ya Lesikar ilikuwa imevimba, na kusema kulimuuma.

"Na pua je? Ndui iliiogopa?"

Akaitikia kwa kichwa, kwa uzito wote.

Simel aliguna. "Haya. Wauguzi wamepungua, nami sina pa kuwatoa wengine. Lakini ukiingia hutoki mpaka kambi yote ichomwe moto. Umesikia?"

Akaitikia tena.

Lango lilifunguliwa mara moja tu kwa siku, na siku hiyo kulikuwa na mtoto wa kutoka: kichwa kimenyolewa, shingo tupu, mwili umezama ndani ya shuka jeupe la misheni. Walipokutana langoni, mtoto aliinamisha kichwa mbele ya mtu mzima, kama watoto wote wa kwao walivyofundishwa. Lesikar alimwekea kiganja utosini, upesi, kama watu wazima wote wa kwao, macho yake yakiwa kwenye vibanda.

Lango likafungwa nyuma yake.

Alipita kitanda baada ya kitanda mpaka cha mwisho. Kilikuwa kitupu. Juu yake palikuwa na ushanga wa buluu.

Lesikar alipiga magoti.

"Usiuguse!" Anyesi alikuja na kapu mkononi. "Vitu vya kitanda hicho vyote vinachomwa. Na usilie, mzee, huyo hakufa. Nilimwambia kwamba baba yake bado yupo pale kwenye jiwe anamngoja, akaanza kunywa maziwa siku hiyohiyo. Amepona kabisa. Si mmepishana sasa hivi langoni?"

Nje ya uzio, Simel alikuwa akimfukuza mtoto kwa upole.

"Nenda nyumbani, mdogo wangu. Hapa hakuna mtu."

"Siendi," alisema Nanyori. Alijivuta mpaka juu ya jiwe, akalikunja shuka lake vizuri, akaacha nafasi pembeni. "Baba hajaenda mbali."