Saa ya Adhana ya Mama

Saa ikaadhini, na mama, ambaye haoni, akafungua saumu yake kwa tende. Dirishani jua lilikuwa bado halijazama.

Asubuhi niliichomeka chipu ya saa ile kwenye kifaa cha USB cha kuandikia chipu, cha bei rahisi, nilichonunua sokoni Darajani. Nikaifuta bila kuhifadhi kilichokuwemo, nikaiandika upya kwa faili la nyakati za sala za Maskati, ambako mwezi huu magharibi huingia mapema kuliko kwetu, nikitaka kumpunguzia mama njaa.

“Mbona msikitini kimya, Qais?”

“Umeme umekatika, mama.”

“Allah akulipe kheri kwa saa yangu.” Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu, akanitilia tende kiganjani. “Na wewe futuru, mwanangu.”

Nikaila.

Kokwa lilikuwa bado mdomoni mwangu nusu saa baadaye, muadhini alipoanza, na mama akanigeuzia uso.