Limau Baada ya Kuepua

Bamia zilikuwa zimekatwa mshazari. Mtaalamu wa lishe akainua moja kwa uma, akaikagua kama askari aliyeshika leseni ya kughushi. Maisha yake yote alimjua mtu mmoja tu anayekata bamia hivyo, na mtu huyo ni yeye mwenyewe.

"Vipi, tamu?" mumewe akauliza. Sahani yake hajaigusa, macho yote mdomoni kwa mkewe.

"Zinalika."

Ukweli ni kwamba zilikuwa tamu hadi zinaudhi. Akatoa daftari, maana hata likizo ya ufukweni haendi bila daftari, akaandika: *Siku ya nne. Samaki wa kuchoma, bamia, majani ya maboga. Mafuta kiasi. Chumvi hakuna, limau limetiwa baada ya kuepua. Tisa kwa kumi.* Akaifuta tisa, akaweka saba.

Hilo limau ndilo lililomkaa kooni. Ukilichemsha, mboga inachachuka. Ukilikamua sufuria ikishatua chini, ulimi unaapa kwamba chumvi ipo. Ujanja huo aliuvumbua mwenyewe, kwa ajili ya presha ya mumewe. Mawifi wameuomba mpaka wamechoka. Sasa anaukuta kwenye nyumba ya wageni, mwendo wa saa saba kwa basi kutoka kwake. Nani kauleta?

Mpishi akaja kuchukua vyombo. Mwanamke wa miaka thelathini hivi, ana mwanya na kicheko kinachofika ufukweni kabla yake. Hakumtazama mke. Alimtazama mume.

"Leo vipi, kaka?"

"Leo tumeweza."

*Tumeweza.* Mtaalamu akalipima neno hilo kama anavyopima wanga.

Na huyo kaka, kila siku ikifika saa nne asubuhi, alikuwa anakwenda "kunyoosha miguu". Mtu ambaye nyumbani rimoti ikianguka anaita watoto. Alirudi karibu na chakula cha mchana ananukia kitunguu saumu, na jana alirudi na plasta kidoleni.

"Umekatwa na nini?"

"Gamba la chaza."

"Ufukweni?"

"Sasa gamba nilikute wapi, mama watoto, benki?"

Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Yeye alishapungua kilo moja na nusu, na kitaalamu hakuikubali njia yenyewe.

Akakumbuka jikoni kwake. Mizani juu ya meza, vijiko vya kupimia vimening'inia kwa ukubwa wao, na mume mwisho wake kizingitini. Miaka ishirini na miwili amesimama pale na kikombe cha chai, anatazama. "Nikusaidie?" "Nisaidie kwa kukaa sebuleni." Siku zote alidhani mwanamume yule anamtazama mke wake. Kumbe alikuwa anaiba mapishi, aje amhonge mwenye mwanya.

Siku ya tano akafunga begi. Basi la kurudi linaondoka saa saba mchana. Akiwafumania, hangoji hata maji ya kunywa.

Saa nne na nusu akazunguka nyuma ya nyumba, akapenya katikati ya mashuka yaliyoanikwa, akafika kwenye dirisha la jiko. Lilikuwa la wavu, limeziba kwa masizi, ndani huoni kitu. Kusikia, anasikia. Kwanza kicheko. Kisha sauti ya mumewe, ile laini aliyoiacha enzi za uchumba.

"Taratibu. Usiwe na haraka. Haya, onja."

"Mh. Kaka, wewe utaniua."

"Lakini asijue. Bado siku mbili, nitamwambia mwenyewe."

"Na akijua leo?"

"Basi mimi nimekwisha."

Mtaalamu hakusubiri zaidi. Akausukuma mlango kwa bega, kauli ya mwisho ya ndoa yake ikiwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

Mpishi alikuwa amekaa juu ya kreti la soda, miguu ameinyoosha, kijiko mdomoni, daftari mapajani na kalamu mkononi. Mume alisimama mbele ya jiko, aproni ya maua kiunoni, jasho linamtiririka. Sufuria ilikuwa chini, imeepuliwa sasa hivi. Nusu ya limau ilikuwa mkononi mwake, juu ya mvuke, na alipomwona mkewe aliificha mgongoni.

Mpishi akachomoa kijiko mdomoni, akamsogezea mgeni kreti la pili kwa mguu.

"Karibu, dada. Mimi tangu mfike sijashika mwiko, kazi yangu kuandika tu. Yaani nakuonea wivu. Hivi huko nyumbani ndivyo anavyokupikia kila siku?"