Kitasa cha Mlango wa Nyuma

Dereva alishika usukani lakini hakuwasha gari.

"Mheshimiwa, wakubwa wamenipigia simu. Gari hili haliendi kwenye ule mkutano."

Ni miaka kumi tangu nistaafu uwaziri, na bado naitwa mheshimiwa. Gari ni lao, mafuta ni yao, na dereva mwenyewe ni wao. Changu asubuhi ile kilikuwa karatasi mbili mfukoni mwa koti, zenye majina ya watu waliogawana kiwanja cha hospitali. Nilikuwa nimeapa kuyasoma mbele ya watu.

"Sawa," nikasema. "Nitakwenda kwa miguu."

Nikavuta kitasa. Mlango haukutikisika. Nikavuta tena kwa mikono miwili. Kitasa kilikuwa kinang'aa kama kilichotoka dukani jana, hakina hata mkwaruzo mmoja.

Dereva alinitazama kwenye kioo, kisha akainamisha macho.

"Huo haufunguki kwa ndani, mzee wangu."

"Umeharibika lini?"

"Haujaharibika. Ulikuja hivyo hivyo."

Miaka kumi nimepanda na kushuka humu bila kujua, maana kila tulikofika palikuwa na mtu wa kunifungulia.

Mke wangu akatoka barazani, bandeji nyeupe mkononi. Anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bili huenda kwa wakubwa walewale. Akadhani ndiyo tunaondoka. Akanipungia mkono.

Nikaachia kitasa, nikampungia.