Hodi ya Tatu

Saa kumi na moja jioni, kompyuta ya Bi Sikudhani iliita: "Hodi!"

Sauti ilikuwa ya mumewe, Mzee Athumani, aliyefariki mwaka uliopita. Bi Sikudhani akaziba mdomo kwa upindo wa kanga.

Siku hizi kila programu hupiga hodi kabla ya kufanya kazi. Mtu yeyote aliyemo nyumbani akijibu "karibu", inafunguka. Ikikosa jibu mara tatu, inajifuta. Hii ilikuwa imejipenyeza na kuiba sauti ya marehemu kwenye rekodi za simu. Ikifunguka tena leo, kampuni ya mtandao itaikatia nyumba huduma ili isisambae, na mashine inayompa Bi Sikudhani dawa ya kisukari itazimika.

"Usijibu, mama," alisema Mkami, fundi aliyeitwa kuiondoa. "Si yeye."

"Najua si yeye. Nimemkalia eda mwenyewe. Lakini mwezi mzima nimemkaribisha, leo nimnunie?"

"Mnunie tu. Mbona walio hai tunawanunia?"

Bi Sikudhani akacheka huku machozi yakimtoka.

"Hodi!"

Hiyo ilikuwa ya pili. Mkami akamshika mkono, wakanyamaza pamoja.

Ya tatu ilitanguliwa na kikohozi kidogo, kama cha mzee aliyetoka kupanda ngazi. "Hodi jamani. Wenyewe mpo?"

Bi Sikudhani hakufungua mdomo.

"Karibu, baba," ikamponyoka Mkami.

Programu ikafunguka.