Duara la Aurelia

Teofili alivisaga vidonge viwili vya mkewe kwa kitako cha glasi mpaka vikawa unga mweupe, sawasawa na ule wa Aurelia.

Wenzake walikuwa wamekwenda kunywa chai. Maabara ile ndogo ya Nachingwea ilikuwa yake tena, kwa robo saa.

Mwaka jana Aurelia, msaidizi wake, alimshtaki kwa wakubwa: anaandika majibu ya wagonjwa bila kugusa darubini. Wakamhamishia Ruangwa, mkewe akabaki na nyumba. Sasa karudishwa, aoshe chupa za mkojo chini ya mwanamke ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi.

Na kesho huyo Aurelia anajionyesha kwa madaktari kutoka Lindi. Kapewa unga wa dawa ya mzio, wa utafiti tu, si wa kumeza. Wengine wanaijua kwa kutuliza mafua na kuwashwa. Yeye kagundua inaua bakteria pia: ukiidondoshea kwenye sahani walimooteshwa, kesho yake unakuta kiduara kitupu. Madaktari wakiridhika, anapelekwa kusoma.

"Hasomi mtu," Teofili alinong'ona.

Akaumwaga unga wa Aurelia kwenye sinki, akajaza wake. Vidonge alivitoa asubuhi kwenye mkoba wa mkewe, Valentina.

"Vya nini hivi, Mama Prisca?"

"Vya kichwa, Baba Prisca. Kinanigonga tangu urudi."

Vya kichwa haviui hata bakteria mmoja.

Mchana Aurelia aliuyeyusha unga ule, akaudondoshea kwenye sahani, akaifungia kwenye kabati la joto.

Kesho yake madaktari waliizunguka meza. Teofili alijipenyeza mbele. Alitaka kumwona anavyoaibika. Aurelia akafunua sahani.

Duara lilikuwa pana, limekaribia kuimaliza sahani nzima.

"Hii si dawa yangu," alisema. "Yangu haijafika hata nusu ya hapa. Kuna mtu kaibadilisha. Bahati nzuri, nyingine nimeifungia nyumbani."

"Kailete, mwanangu, urudie mbele yetu," alisema daktari mzee. Akainua sahani kwenye mwanga, akacheka. "Ila wadudu hawa ni sugu. Nimeona dawa moja tu ikiwafagia hivi, ile tunayowapa wenye kisonono. Nani humu anaitumia?"

Chumba kizima kikaangua kicheko.

Muda wote kule Ruangwa, Teofili alikuwa akilala peke yake.