Tete la Mama Mkwe

Kijijini kwetu kila mtu ana tete lake bwawani, lililopandwa siku aliyozaliwa. Maji machafu ya nyumba zote huingia humo, ya kuoga, ya kufulia na ya chooni, lakini kila tete hunywa ya mwenyewe tu, kisha huyaachia yakiwa safi kama ya chemchemi, nasi huyanywa tena. Mtu akifa, tete lake hukauka kabla matanga hayajaanuliwa, na mkaza mwana ndiye hulikata.

Shamba lilinichelewesha. Nilipofika na mundu, mama mkwe alikuwa na mwezi mzima kaburini, na tete lake limenipita kimo, bichi, limechanua maua meupe ambayo sijapata kuyaona. Nilipiga magoti matopeni, nikaliwekea mundu shinani.

"Usilikate, Wakesho," alisema Mzee Mwandoe, mlinzi wa bwawa, akivua kofia. "Hilo bado linanywa."

Nilirudi nikamwuliza mume wangu kama ni yeye ninayemsikia akioga kila alfajiri.

"Mimi?" alisema. "Siku zote hizi nilidhani ni wewe."

Jioni ile nilijaza ndoo ya bafuni, nikaweka kando yake sabuni aliyoipenda mama.