Chupa ya Samaki

Lebo zilibanduka majini zote mbili, Zacheus akabaki ameshika chupa mbili za kijani zisizo na jina.

Alijua ipi ni ipi. Moja ilikuwa Riesling, divai nyeupe kali kidogo ya kunywewa na samaki. Nyingine Muscat, tamu kama asali, ya kungoja chakula kiishe. Miaka kumi na moja alikuwa amewamiminia wageni wa meneja wa shamba la chai. Lakini tangu mtumishi mpya aje kutoka Soin, meneja husema, "Mwache yeye amimine. Ana pua ya divai."

Pua! Neno hilo lilikuwa limemkaa Zacheus kooni mwezi mzima.

Akabandika lebo ya Riesling kwenye Muscat, akailainisha kwa kidole gumba mpaka mkunjo wa mwisho ukaisha.

Mtumishi mpya akaingia, akaizibua, akanusa kizibo. Kisha akaona gundi kwenye kidole cha Zacheus.

"Mzee, maji yamechanganya lebo," alisema polepole. "Hata mimi ingenipata. Chukua hii ingine, na leo upeleke wewe. Mimi nina homa."

Hakuwa na homa yoyote.

Kushtakiwa kwa meneja Zacheus angevumilia. Wema huo ndio uliomchoma. Akaiacha Riesling aliyopewa, akabeba Muscat, akaenda kuwamiminia wageni waliokuwa wameshaanza samaki.

Meneja akaonja, akashusha glasi. "Nani amechagua hii?"

"Yeye mwenye pua," Zacheus alisema, bila kutazama mlango wa jikoni.